Kuku Aliyetusemea

Asifiwe Bwana aliyeniamsha leo nikiwa na sauti, ndugu zangu wa Mnero! Mimi si msemaji. Niliishia darasa la tatu, na haya nayasoma daftarini nisije nikaongeza chumvi.

Siku zile mashine zinang'oa misitu ya Nachingwea ili karanga zipandwe, nilikuwa kibarua huko. Homa ikamchukua binti yetu wa pekee, Rozi. Nilifika nyumbani ameshazikwa.

Ndugu zangu, mnajua desturi yetu: mimi ni Baba Rozi, mke wangu ni Mama Rozi. Hatukuwa na namna nyingine ya kuitana. Sasa tuitane nani? Jina lenyewe tuliogopa kulitaja. Basi tukaanza kusema na kuku. Naam, kuku!

"Kuku, mwambie huyo ugali tayari."

"Kuku, mwulize huyo chumvi iko wapi."

Daftarini niliandika kwamba mke wangu ndiye aliyeanza. Nimefuta. Nilianza mimi.

Msimu mzima wa mvua ulipita hivyo. Mwishowe, asubuhi moja, akafunga mzigo wake arudi kwao Nkowe, nami, Bwana anisamehe, sikumzuia.

Asubuhi ileile akaingia Tekla, mtani wetu Mngoni. Wakati wa msiba alikuwa Songea, kwa hiyo alikuja kudai haki yake ya utani.

"Nyie Wamwera, mmenuna kama mlioibiwa uji! Matanga sikula. Leo namla huyu!"

Akamnyakua kuku, akatimka!

"Mama Rozi, ziba mlango!" nikapiga kelele.

"Baba Rozi, mkamate kanga aliyojifunga!"

Tukasimama. Tukatazamana. Tukacheka, ndugu zangu, tukacheka mpaka tukaketi chini, na pale chini tukalia kilio ambacho hatukuwa tumewahi kulia pamoja. Tekla naye akalia, kuku kwapani.

Je, Mungu alimtuma Tekla, au njaa yake? Najiuliza hadi leo. Mwenyewe anasema ni njaa. Mimi nasema Bwana haoni haya kutumia hata njaa ya mtani. Haleluya!

Mzigo ulifunguliwa kabla jua halijawa kali. Kwa hiyo wewe, kama nyumbani kwenu kuna jina mnaloliogopa, mtumaini Yesu, ulitaje leo. Litauma. Sikudanganyi, bado linauma. Lakini sasa kila ninapoitwa kula, mwanangu naye anatajwa, na moyo wangu unaruka!

Mama Rozi, simama wakuone!