Mafuta ya Siku Kumi Aliyoyaamini Dafroza

Ndugu waombolezaji, wazee wetu wa Guta, nanyi mliofanya naye kazi Musoma, historia hii imeandikwa na inasomwa na mdogo wake marehemu, Bernado, mkaanga samaki wa stendi ya Bunda.

Dafroza Keraryo alizaliwa hapa Guta tarehe 14 Juni 1984, akasoma shule ya msingi hapahapa, akamaliza sekondari Musoma mwaka 2003, na mwaka 2007 akaajiriwa katika maabara ya mifugo mjini humo, ambako alikuwaga wa kwanza kufika. Tarehe 18 Agosti 2012 alifunga ndoa na Gody wa Butiama, wakajaliwa watoto wawili, Robi na Susana.

Mwaka 2019 alianza utafiti wa shahada ya pili, akitaka kujua mafuta ya alizeti yanayorudiwa kukaangia yanaliharibu vipi ini la panya, lishindwe kutumia asidi za mafuta inavyotakiwa. Alimwomba Bernado akaangie samaki mafuta yaleyale siku kumi, bila kuongezea hata tone. Bernado aliitikia, lakini mkaanga samaki akiona karai limepungua mkono unakwenda wenyewe kwenye dumu, akaongezea kila asubuhi, hadi siku ya kumi mapya yakawa mengi kuliko ya zamani. Maini ya panya waliolishwa mafuta hayo na ya waliolishwa mafuta mapya yakafanana. Dada akamuuliza kama aliongezea, naye akamwangalia usoni akasema hapana.

Wasimamizi wake chuoni walisema mafuta ya siku kumi hayawezi kuacha maini namna hiyo, amepika majibu, yeye akawaambia mafuta yametoka kwa ndugu yake wa tumbo moja na hawezi kumtilia shaka, akanyimwa shahada, na kazini hakuaminiwa tena kupima kitu peke yake. Miaka yote hiyo Bernado alikula naye sahani moja, akanyamaza, na aibu hiyo ni yake.

Machi 2024 aligundulika kuwa na saratani, akatibiwa Musoma na Mwanza, akafariki nyumbani Butiama Jumanne, tarehe 11 Februari 2025. Jumapili iliyotangulia kifo chake Bernado alikwenda akiwa amedhamiria kumwambia, akamkuta anaulizia biashara, akamjibu habari za biashara.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Butiama waliompikia uji, na wenzake wa maabara. Kwenu wasimamizi wake mliofika, Bernado anatamka mbele ya jeneza hili kwamba aliongezea mafuta, siku zote kumi, na Dafroza hakupika kitu.

Pumzika, dada, wewe ulisema kweli.