Njia Inayopita Sebuleni kwa Mzee Maana Yake

Leo, tarehe 30 Juni, baada ya kuitumikia manispaa yetu miaka thelathini na miwili, anastaafu ndugu yetu ambaye sote tunamwita Mzee Maana Yake. Muda wote huo alikuwa Ofisa Tafsiri katika Idara ya Ardhi. Wengi wenu mlidhani anafasiri lugha za kigeni, na wapo waliomletea barua za wachumba wa ng'ambo awasomee. Sivyo. Kazi yake ilikuwa ule ukurasa wa kwanza wa Kanuni za Ugawanyaji wa Viwanja, pale palipoandikwa "katika kanuni hizi", ambapo lazima mtu mmoja aseme kiwanja ni nini, mpaka ni nini, njia ni nini. Jina la utani alijitafutia mwenyewe. Ukimsalimia habari za asubuhi, anataka kwanza kujua asubuhi maana yake ni kuanzia saa ngapi.

Siku aliyoripoti kazini alikuta foleni imetoka mlangoni imefika getini. Juu ya mlango palikuwa na kibao, OFISI YA KUGAWA VIWANJA, na watu wamekuja kugawiwa. Wengine wamekuja na majembe kabisa. Yeye mgeni, hana hata kiti, akapanda juu ya ndoo ya fundi rangi akawaeleza kwamba hapa hatugawi, hapa tunagawanya: mwenye kiwanja kimoja akitaka viwe viwili, tunamkatia, na asiye nacho hatuna cha kumkatia. Walimzomea, naye akawashukuru kwa kumsikiliza. Kesho yake kibao kilisomeka KUGAWANYA, na foleni ikabaki ya mtu mmoja, ambaye alikuwa anaulizia choo.

Kisa cha mpaka mnakijua, lakini nitakirudia kwa sababu mhusika yupo hapa na anajifanya anapanga vikombe. Mzee aliandika, kwa usahihi wote, kwamba kiwanja ni ardhi yote kutoka mpaka mpaka mpaka. Yaani kutoka mpaka huu mpaka mpaka ule. Dada yetu mpiga chapa alipofika hapo akadhani mashine imekwama, akafuta mpaka mbili, kanuni zikapitishwa na muhuri ukagongwa. Kisheria, basi, kiwanja kikawa ni ardhi yote kutoka mpaka.

Wiki haikuisha, akaja fundi viatu mmoja na nakala mkononi. Kiwanja chake kinaanzia mpaka wa nyuma ya nyumba yake, alisema, na hakuna aliyemwambia mahali pa kusimama. Kwa hiyo hakuwa amesimama. Alipita soko, akapita uwanja wa mpira, na siku hiyo alikuja kuangalia hali ya ofisi zetu kwa kuwa zimo ndani ya ua wake. Alimwagiza mlinzi apunguze michongoma, na mlinzi akapunguza. Tuliishi naye vizuri tu kama mwenye nyumba wetu mpaka baraza lilipokutana tena, likaamua iandikwe "hadi". Mzee alipinga, maana "hadi" ilikuwa haijatafsiriwa mahali popote. Ikabidi itafsiriwe. Mkifungua kanuni mtaona kwamba hadi, maana yake ni mpaka.

Na jengo je? Jengo, aliandika, ni kitu chochote chenye paa, kuta na mlango, kilichokaa mahali pamoja zaidi ya miezi sita. Gari la mkurugenzi wa wakati ule lilikuwa kwenye maegesho likisubiri spea. Likapewa namba ya kiwanja na bikoni nne za mipaka, na spea ilipofika, mkurugenzi akaambiwa hawezi kuliondoa bila kibali cha kubomoa. Bado lipo. Kuku wa mlinzi wanatagia kiti cha nyuma, na kwa kweli ni jengo zuri.

Chekeni tu, lakini neno lililompa heshima, na ndilo lililomtia matatani, ni njia. Zamani mtu akijenga ukuta, aliyekaa nyuma yake ndiyo basi tena. Kuna mkandarasi, simtaji, aliziba kichochoro cha shule ili apanue ghala lake, watoto wakawa wanazungukia kwenye barabara ya malori. Akiulizwa, anajibu kwamba pale hapakuwa na njia, palikuwa na watu wanaopita tu. Mzee alikaa na jibu hilo msimu mzima wa mvua. Alikuwa halali, hali vizuri, anatembea vichochoroni na mwavuli. Kisha akaandika: njia ni mahali popote ambapo watu wamepita bila kubisha hodi kwa mwaka mzima mfululizo. Ukuta ulivunjwa wiki hiyohiyo, na kila kichochoro cha mji huu kikaingia kwenye ramani. Mimi ndiye mchora ramani, mgongo wangu unakumbuka.

Sasa itazameni nyumba hii ya Mzee tuliyokusanyika mbele yake. Mlango wa mbele unatazama kituo cha basi, wa nyuma unatazama soko, na katikati ni sebule. Shemeji yetu, mke wa Mzee, ni fundi cherehani. Kwa kupenda mwanga alizoea kuacha milango yote miwili wazi, na majirani, ambao ndio ninyi, mkaona ya nini kuzunguka. Mwanzoni mlibisha hodi. Baadaye mkawa mnasema "ni mimi tu". Baadaye tena mkawa hamsemi kitu, na wengine mnapita na baiskeli.

Wapima ardhi walipofika mtaa huu, walimwita Mzee pembeni. Aliuliza kama wanaopita wanabisha hodi. Mpima mkuu akainamisha kichwa, akakiri kwamba hata yeye hakubisha. Mzee akaniletea vipimo akaniambia nichore. Nikamwambia aache masihara. Akaniuliza masihara maana yake nini. Nikachora, ningefanyaje?

Kilichofuata hamhitaji kusimuliwa. Kibao cha mtaa kikapigwa misumari kwenye kabati la vyombo. Kochi likaonekana limo ndani ya hifadhi ya barabara, likachorwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na hadi leo mgeni akitaka kulikalia anaonywa kwamba anakaa kwa hiari yake. Taa ya barabarani ikafungwa juu ya televisheni, haizimwi mpaka kupambazuke. Shemeji akaandikiwa onyo kwa kufanya biashara kando ya njia, akiwa kwake, kwenye cherehani chake, anashona shati la mumewe. Aliyesaini onyo hilo ni mumewe.

Mwaka wa kwanza Shemeji alicheka. Akatusimulia yeye mwenyewe, kwa vituko vyake, mpaka tukashika mbavu. Halafu mama yake mzazi akafariki. Alitafuta ndani ya nyumba yake pa kukaa alie peke yake, akapakosa. Watu walikuwa wanapita na mafungu ya mchicha, wanampa pole, wanaendelea. Tangu hapo hakucheka tena. Alimwambia mumewe kwamba atavumilia kwa kuwa kazi ni kazi, lakini siku ya kustaafu, kama bado kuna njia sebuleni, yeye anahamia kwa dada yake. Aliolewa akaingizwa ndani ya nyumba, alisema, hawezi kuzeekea barabarani. Dada mtu ameshapaka chumba rangi. Masanduku mawili yapo tayari nyuma ya mlango, na aliyepita leo asubuhi ameyaona.

Baraza lilitaka kumsaidia. Mwezi uliopita lilipendekeza, kama zawadi ya kustaafu, yaongezwe maneno machache tu kwenye tafsiri ya njia: isipokuwa nyumba ya Ofisa Tafsiri mstaafu. Sote tulipiga makofi. Yule mkandarasi, ambaye hakuwahi kuhudhuria kikao hata kimoja, siku hiyo alikuwa amekaa nyuma, akanyoosha mkono kuuliza "isipokuwa" ya pili inaombwa dirisha gani. Mzee akasimama. Alisema anashukuru, ila watoto wa shule bado wanapita pale, na neno lisiguswe. Kisha akaketi, akavua miwani. Mimi niliyekaa naye chumba kimoja muda wote huo sikujua niangalie wapi.

Alhamisi iliyopita tukiwa ofisini tukasikia mtu anabisha hodi. Tulishtuka, kwa sababu ofisi ya umma haibishwi hodi, watu huingia tu. Alikuwa Shemeji. Alisimama kizingitini, hakuingia. Akabisha mara ya pili, huku anamtazama mumewe, na Mzee akaweka kalamu chini, kwani kwa miaka mingi mno hakuwa amelisikia neno hilo likitoka kwa mtu wa nyumbani kwake. Hatimaye akajibu, "Karibu."

Shemeji aliketi akasema lake. Neno halikatazi watu kupita, ila wakibisha hodi, pale si njia tena. Yeye kumwambia jirani aliyepita miaka yote kwamba leo abishe hodi hawezi, ataonekana ameanza maringo uzeeni. Mumewe naye hakuweza, kwa sababu angekuwa anatumia cheo kusafisha sebule yake. Lakini cheo kinakwisha tarehe 30, na sisi wenzake wa ofisini tuna midomo. Mzee akauliza kama neno litakuwa limeguswa. Nikamwambia halitaguswa hata nukta.

Ndiyo maana wasifu huu unasomwa nje, majirani zetu wapendwa, na mimi ndiye ninayewaambia, kwa hiyo mninunie mimi. Kuanzia leo, anayepita hapa anabisha hodi na anangoja ajibiwe. Asiyetaka azunguke kwa kinyozi, si mbali kiasi hicho. Mwaka ukitimia bila mtu kukosea, nitafuta mstari ule kwa raba yangu mwenyewe na kochi litaoshwa. Akikosea mtu mmoja, tunaanza upya.

Limebaki jambo dogo. Kanuni inasema "watu", na watu walitafsiriwa na Mzee huyuhuyu kuwa ni kila mtu. Hakumtoa mwenye nyumba. Nilimwonyesha jana nikitumaini atatafuta upenyo. Alisoma mara mbili akasema ni tafsiri nzuri. Kwa hiyo na yeye, kwake, mwaka mzima, hodi. Shemeji alipoambiwa alicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba, ila hakusema kama atajibu. Masanduku bado yako nyuma ya mlango.

Mzee Maana Yake, umetufundisha kuuliza kabla ya kukata. Kwa niaba ya Idara ya Ardhi, mpiga chapa wako, mlinzi na kuku wake, tunakushukuru kwa moyo wote, na tunakuombea maisha mema, marefu, na ya ndani ya nyumba. Mlango umefungwa, kama unavyouona, na Shemeji yumo ndani. Sisi tutasubiri hapa nje. Tangulia, mzee wetu, ubishe.