Vifaranga Waliokaa Arobaini

Wanaoitikia salamu aleikum nawasalimu, wanaoitikia Bwana asifiwe nawasalimu, na wazee wangu mliokaa pale mbele, shikamooni. Asanteni. Mwenyekiti ameniambia niseme kwa ufupi, na ninyi mnaonifahamu mmeshaanza kucheka. Haya, nitajaribu. Majina ya watu sitayataja, kwa hiyo atakayejitambua atulie tu kwenye kiti chake.

Mimi nilikuwa fundi cherehani. Nimeshona hapa Kiseke miaka mingi, na nusu ya kina mama waliomo humu wameshavaa nguo iliyopita mikononi mwangu. Zile zilizowabana msinilaumu mimi, laumuni vitumbua. Kisha mvua moja niliteleza kwenye mawe ya hapa kilimani, mkono wa kulia ukavunjika kwenye kiwiko. Ulipona, lakini ulipona vibaya. Nikikata kitambaa kidogo tu, vidole vinakufa ganzi, mkasi unaanguka. Wateja wakasubiri, wakachoka kusubiri, wakaenda kwa mafundi wengine. Nami ningekuwa wao ningekwenda.

Mume wangu alikuwa ameshatangulia mbele za haki, na watoto wangu wawili walikuwa shule. Nina kaka yangu mkubwa, anakaa Kisesa, ana ng'ombe, ana mashamba, na ana roho nzuri kweli. Alipoona hali yangu alikuja akaniambia, "Mdogo wangu, funga hii nyumba, njoo na watoto mkae kwangu. Chumba kipo."

Ndugu zangu, nawaambia, yale yalikuwa maneno ya upendo, na yaliniliza siku mbili. Wifi yangu ni mtu mzuri. Lakini mwanamke mzima aliyezoea jiko lake, akihamia kwenye jiko la mwenzake, kila siku atauliza chumvi iko wapi. Atauliza apike nini. Atauliza kama anaweza kumwalika rafiki yake. Mimi sikutaka kuuliza. Nilitaka kubaki kwangu, basi, hilo tu ndilo nililokuwa napigania, na mengine yote nitakayosema yanatokana na hilo.

Sasa kuku. Kuku wa nyama na wa mayai kila mtu hapa anafuga, mimi ningeanza leo ningemuuzia nani? Kwenye simu ya binti yangu nikaona kuku wa mapambo. Kuna wale wanene wenye manyoya mpaka kwenye vidole, utadhani wamevaa soksi. Kuna wenye kishungi kinachowafunika macho. Kuna wale wanaoitwa silki, manyoya yao ni kama pamba na ngozi yao nyeusi tii. Wenye mahoteli ya ufukweni wanawataka watembee bustanini, wenye majumba ya Capri Point wanawataka. Nikampata muuzaji Dar es Salaam. Unaagiza kwa simu, naye anawapandisha vifaranga wa siku moja kwenye basi, ndani ya boksi lenye matundu, wewe unawapokea stendi ya Nyegezi.

Wale wa kwanza walifika salama. Nimewaweka kwenye chumba changu cha kushonea, nimezungusha kadibodi, nimetandaza maranda, jiko la mkaa katikati kwa ajili ya joto. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa nimeuliza. Kila kitu kilikuwa sawasawa isipokuwa mlango.

Mnacheka? Ninyi mnajua. Habari ilitembea: kwa fundi kuna kuku wenye soksi! Mtaa mzima ukaja. Na mimi nimelelewa hivi: mtu akibisha hodi, unamkaribisha, na kama kuna kitu kipya ndani, unamwonyesha. Ukimzuia, una maringo, au una jambo unaficha. Basi karibu, karibu, karibu. Huyu anatoka kulisha kuku wake, anaingia na ndala zilezile. Yule anamshika kifaranga, anampa mtoto naye amshike. Mwingine anasimama mlangoni anapiga soga, mlango uko wazi, na ulikuwa msimu wa mvua, upepo wa ziwani unaingia wote. Vifaranga wakisikia baridi wanarundikana kwenye kona, wa juu wanawakandamiza wa chini. Waliookoka na baridi wakaanza kuharisha. Haikupita wiki, ile kadibodi ilikuwa tupu.

Nilimwita dada wa mifugo wa kata yetu. Akaangalia chumba, akaangalia nyayo za matope sakafuni, akaniuliza, "Mama, hapa palikuwa na harusi?" Nikamwambia ni majirani walikuja kunipongeza. Akasema, "Basi waliokupongeza ndio waliokuulia." Hakusema kwa ubaya. Lakini nilijifungia ndani, nikalia mpaka sauti ikakauka. Nililia kwa ajili ya vifaranga, na nililia kwa sababu niliisikia kabisa Kisesa inaniita.

Kaka alikuja. Safari hii hakuuliza, alianza kupanga gari la kubeba vyombo. Nikampigia magoti nikamwambia, kaka, niache nijaribu mara moja tu. Akaniinua. Akasema, "Mara moja. Wakifa tena, tunabeba." Nikakubali. Nikauza cherehani yangu. Niliivua kitambaa chake, nikaipangusa mafuta, nikamkabidhi binti mmoja fundi wa Nyakato, na nilipogeuka sikutaka kuangalia nyuma. Hela yake ndiyo ikaenda Dar kuagiza wengine.

Lakini mlango, jamani? Dada wa mifugo akaniambia weka kufuli. Nikamwambia, wewe si wa mtaa huu. Kiseke ukifunga kufuli mchana na ndani kuna sauti, kesho watasema una mazimwi. Akasema bandika tangazo, Hakuna Kuingia. Nikamuuliza, nani anasoma tangazo kwa jirani yake? Akacheka akaniachia kazi hiyo.

Nilikuwa nakunja kanga zangu ndipo ikanijia. Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, alikuwa akiitwa kila alipojifungua mtu. Anatundika kanga mlangoni kwa mzazi, na tangu hapo nyumba ina adabu yake. Huingii ukitokea msibani. Huingii ukitokea safari na vumbi lako. Unanawa. Unaulizia nje, "Mzazi hajambo?" Unajibiwa hajambo, unaacha ulicholeta, unaondoka, na hakuna anayenuna. Mpaka arobaini itoke. Waislamu humu mnalijua hilo, na wenzetu Wakristo na Wasukuma nao wana ya kwao yanayofanana. Hakuna mtu Mwanza anayemvamia mzazi.

Basi siku vifaranga wanaingia Nyegezi, nilikuwa nimeshatangulia kuwasha jiko, chumba kina joto tangu alfajiri. Nikawapokea, nikawaleta kwa bajaji boksi liko mapajani, nikawazamisha midomo mmoja mmoja kwenye maji ya vuguvugu yenye glukosi ili wajue kunywa. Kisha nikatoka, nikatundika kanga yangu mpya mlangoni. Jirani yangu wa kwanza, ambaye yuko hapa na anajiona, akaja mbio: "Wamefika?" Nikamwambia, "Wamefika, ila wako arobaini."

Akaniangalia. Akaangalia kanga. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, akarudi hatua moja kutoka mlangoni, akauliza, "Mzazi hajambo?" Nikajibu, "Hajambo, asante." Mtaa mzima ukajua siku hiyohiyo. Walikuwa wanatania, lakini walikuwa wanatii! Huyu kaniletea gunia la maranda kaliweka uani. Yule kaniletea mkaa. Kuna bibi mmoja aliniletea uji wa pilipili manga, eti nipate maziwa. Niliunywa wote.

Sasa sikilizeni hapa. Wakiwa na wiki mbili, wameanza kuota vile visoksi, akaja kaka yangu. Kashuka kwenye pikipiki, koti lina vumbi, viatu vya kazini. Nikapiga goti, "Shikamoo kaka." "Marahaba. Wako wapi?" Na mkono wake umeshashika kanga.

Nikasimama mbele ya mlango. Ndugu zangu, yule ndiye aliyenisomesha. Ndiye aliyesimama mahali pa baba siku ya ndoa yangu. Nikasema, "Kaka, naomba usiingie."

Akadhani amesikia vibaya. "Mimi?"

"Wewe, kaka. Nisamehe. Nitaleta kiti hapa nje."

Uso wake ukabadilika. "Mimi nikae nje kwa mdogo wangu? Mimi niliyekuruhusu? Mtoto wa mama yangu ananizuia mlango kwa ajili ya kuku?" Sauti ilipanda mpaka majirani wakatoka. Nilitamani kumpisha. Nawaambia ukweli, mkono wangu ulikuwa umeshaanza kusogeza kanga. Na hapo yule jirani yangu akatoka kwake akamsalimia kwa heshima zote, akasema, "Mzee, usikasirike. Hata mimi ninayekaa ukuta kwa ukuta sijawaona. Mimi ndiye niliyewaua wa kwanza na ndala zangu. Sasa naulizia nje kama wenzangu."

Nilikuwa sijawahi kumwambia hivyo. Alijua mwenyewe, na alikuwa amelibeba jambo hilo moyoni muda wote ule.

Kaka akaiachia kanga. Akaangalia viatu vyake. Kisha akasema taratibu, "Kwangu kuku wana mdondo. Asubuhi hii nimetoka kuwafukia."

Mnaujua mdondo, ukiingia bandani hauachi mtu wa kusimulia. Kaka yangu angeingia na viatu vile, mimi leo ningekuwa Kisesa nauliza chumvi. Akavua viatu mwenyewe akaviweka mbali, getini. Akanawa miguu bombani. Akarudi akakaa kwenye kiti, nje, nikamletea chai. Akakaa akisikiliza wale vifaranga ukutani, chwi chwi chwi, chai inapoa mkononi. Akauliza, "Mzazi hajambo?" Machozi yalikuwa yamenijaa. Jirani akanijibia.

Hawakufa. Wachache, wawili watatu, maana wachache hawakosi, lakini kundi lilisimama. Siku ya kutoa arobaini nilishusha kanga, nikawaachia uani, na mtaa mzima ukaja kuwaona, wamenawa, wengine wamevaa kabisa kama wanakwenda kwenye shughuli. Vijogoo vile vyenye soksi vikawa vinatembea kwa madaha katikati ya watu. Wa kwanza kununua alikuwa mwenye hoteli, na tangu hapo sijakaa bila oda. Watoto wangu wako shule. Nyumba yangu iko wazi, na jikoni kwangu najua kila kitu kilipo.

Namshukuru Mungu. Nakushukuru dada wa mifugo, kwa kunicheka ukaniacha nifikiri. Nawashukuru ninyi wa Kiseke kwa mkaa na maranda, na wewe bibi wa uji, Mungu akupe umri. Na wewe jirani, sikutaji, lakini siku ile ulijitwika lawama mbele za watu ili mimi nibaki na nyumba. Sitakulipa hapa duniani.

Ninalotaka mwondoke nalo ni hili. Watu wanaokupenda wanaweza kukumaliza kwa mapenzi yaleyale, na si kwa ubaya. Usiwafukuze, na usiwaachie wapite tu. Waonyeshe pa kusimama. Tafuta neno wanaloliheshimu tangu walipozaliwa, waambie kwa neno hilo, utashangaa wanavyokusaidia. Na akitokea mkubwa wako, unayemwogopa na kumpenda, hapo ndipo usimame zaidi, kwa goti na kwa heshima, lakini usimame.

Juzi kaka amenipigia simu. Ameagiza vifaranga wake, wale wenye kishungi, wanafika Ijumaa. Anasema ukoo mzima umeshajipanga kuja kuwaona, na yeye hana uso wa kumzuia shangazi. Anaomba niende nikamsimamie mlango. Basi Ijumaa nakwenda Kisesa, ndugu zangu. Nakwenda na kanga moja na mkoba mdogo, na jioni narudi kwangu.