Santuri ya Lottie Grange

Benchi letu liko mbele ya duka langu la kunyolea hapa Macon, Georgia. Benchi moja, birika moja la kahawa, waongo watatu. Kuna Jaji, aliyefagia mahakama ya wilaya miaka tisa na sasa anahukumu kila kipitacho. Kuna Msumari, fundi majeneza. Kuna Relwe, mhudumu wa mabehewa ya kulala, anayetuletea santuri na umbeya kutoka Chicago. Mimi ni Tolliver, mwenye duka, mwenye gramafoni, na simwamini mtu mpaka nimeona kisogo chake. Alhamisi Relwe alileta santuri ya bluzi, zile nyimbo za majonzi na mapenzi ambazo kanisa halizitaki. Jina lililoandikwa ni Lottie Grange, lakini Relwe anaapa kuwa mwimbaji ni Ozella, binti wa Dada Zilpha Mabry, aliyetuacha miaka miwili iliyopita akaenda Chicago kurekodi. Tangu Pasaka barua za mama yake zinarudi na maneno “hajulikani hapa”. Dada Zilpha ni mtu wa kanisa, bluzi hazisikilizi. Alisimama kizingitini akaniambia, “Kaka Tolliver, sikilizeni nyie mliokwisha kuharibika, mniambie kama mwanangu yu hai.” Leo ni Jumamosi na bado tunabishana.

Jaji: Weka tena. Ubeti wa kwanza tu, halafu inua sindano.

Relwe: Si umeshausikia mara kumi na moja, mzee!

Jaji: Shahidi huhojiwa mpaka ajikanyage. Tolliver, weka.

Nikazungusha mkono wa gramafoni, nikaweka. Sauti ya mwanamke, piano nyuma yake, ubeti mmoja. Nikainua sindano.

Jaji: Si yeye. Ozella alikuwa na sauti nyembamba. Huyu sauti yake nzito kama uji wa jana.

Relwe: Mtu anakua, sauti inakua.

Jaji: Kwa miaka miwili? Kwani ni boga? Na hilo jina je? Mtu mwema ana jina moja. Ukiona ana mawili, ujue kuna mahali anatafutwa.

Relwe: Nimewaeleza mpaka koo limekauka. Kampuni moja imemfunga kwa mkataba. Ya pili ikamwambia, njoo uimbe na kwetu, tutakubandika jina lingine. Chicago wote wanafanya hivyo. Sasa mama anaandika kwa Ozella Mabry, barua inafika kwa watu wanaomjua Lottie Grange. Wataisomaje?

Msumari: Relwe, ni wewe uliyetuambia Chicago kuna ziwa halina ng'ambo?

Relwe: Halina! Nimelitazama kwa macho yangu!

Msumari: Basi tumeelewana. Endelea kunywa kahawa yako.

Jaji akacheka mpaka kahawa ikampalia. Mimi nikacheka pia, ingawa maneno ya Relwe yalikuwa na mantiki kidogo, na hilo ndilo lililonitia shaka. Relwe na mantiki hawajawahi kupanda treni moja.

Msumari: Sasa nisikilizeni mimi ninayefanya kazi na wafu. Yule binti kafa.

Relwe: Funga mdomo!

Msumari: Kafa, kampuni imebaki na sauti yake kwenye nta ya kurekodia. Wanaitoa kipande kipande, kila kipande na jina jipya, tusijue tunaimbiwa na marehemu. Haba na haba hujaza kibaba.

Mimi: Hiyo methali ni ya kuweka akiba, bwana.

Msumari: Na wao wamefanya nini? Si wamemweka akiba?

Nilihisi baridi mgongoni, mchana kweupe, tena Julai. Nikaona afadhali kucheza santuri kuliko kukaa na maneno yale, nikaweka sindano bila kuzungusha vizuri. Sauti ikaanza kushuka, ikashuka, mwisho ikawa mngurumo wa dume.

Jaji: Mmesikia? Mmesikia! Ni mwanamume!

Mimi: Nani, Ozella?

Jaji: Lottie! Wamechukua dume wakalivisha gauni! Mwenye macho haambiwi tazama!

Mimi: Lakini tunasikiliza.

Jaji: Ndiyo maana nimelijua. Mimi sijaambiwa nitazame.

Sikusema kwamba springi ya gramafoni yangu imechoka tangu Krismasi. Mtu halazimiki kujianika mbele ya wateja.

Msumari: Si dume wala jike. Hakuna mtu humo. Kule Kaskazini wana mashine inayojiimbia yenyewe. Wasichana wetu wanaitwa kwenda kupimwa koo tu, basi. Barua itajibiwa na nani? Mashine ina anwani?

Jaji: Kweli kabisa. Na wewe Relwe, hebu niangalie usoni. Nani alimtoa binti wa watu hapa? Si alipanda treni yako?

Relwe: Nilimbebea sanduku tu.

Jaji: Mashahidi, mmesikia. Alibeba sanduku.

Relwe: Alikuwa anaenda kuimba! Angekaa hapa afue nguo kama mama yake mpaka vidole viote sugu? Nimemtafuta, jamani. Kila nikifika Chicago natafuta. Nikasikia sauti kwenye duka la santuri, nikasimama palepale nalia mbele ya watu. Ni yeye. Lazima awe ni yeye.

Msumari akammiminia kahawa. Na kabla Jaji hajapata swali jingine, kivuli kikatufunika. Dada Zilpha alikuwa amesimama hapo, aproni bado imelowa. Wanawake hawaji kwenye benchi letu. Wote watatu waliinuka kama wamesikia wimbo wa kufungia ibada.

Dada Zilpha: Siku ya tatu hii, Kaka Tolliver.

Jaji: Kesi bado inasikilizwa, Dada Zilpha.

Dada Zilpha: Nitaisikiliza mwenyewe. Iweke.

Mimi: Dada, ni bluzi.

Dada Zilpha: Mungu nimeshamwomba radhi njiani. Iweke.

Akakaa katikati ya benchi. Nikazungusha ule mkono mpaka bega likauma. Ubeti wa kwanza ukaisha, nikanyoosha mkono kwenye sindano kwa mazoea.

Dada Zilpha: Usiguse!

Kwa mara ya kwanza tuliisikia mpaka mwisho. Mwanamke yule aliimba juu ya kitanda cha kupanga na dirisha linaloangalia ukuta, na siku tatu zote hatukuwa tumefika huko. Dada Zilpha hakutikisika. Mlio wa sindano ulipobaki peke yake, akacheka kidogo.

Dada Zilpha: Ni yeye. Anavuta pumzi katikati ya neno. Nimemkanya tangu ana miaka sita kwenye kwaya, hasikii.

Relwe akapiga makofi, kisha akafuta macho kwa kofia yake ya kazi. Jaji akatangaza kwamba korti imeridhika, yeye aliyepinga tangu Alhamisi. Msumari akampa mkono Relwe. Furaha ilinijaa, nikammiminia Dada Zilpha kahawa nusu kikombeni, nusu mkononi mwangu, wala sikuhisi. Dada Zilpha aliiomba ile santuri. Akaisoma upande mmoja polepole, akaigeuza, akasoma na wa pili.

Dada Zilpha: Haya aliyaimba lini?

Jaji akaipokea, akatafuta. Jina, namba, neno “piano”; tarehe hakuna. Akampa Msumari, Msumari akanipa mimi.

Relwe: Ni mpya, mama. Imefika dukani wiki iliyopita.

Dada Zilpha: Sikuulizi ilifika lini dukani, baba. Mwanangu aliimba lini? Kabla ya Pasaka, barua zangu zikiwa bado zinafika, au baada?

Nikainua birika nimwongezee mama kahawa. Akafunika kikombe kwa kiganja, akatutazama mmoja mmoja, akawa anasubiri jibu.