Valvu Mbili, Namba Moja

Benchi letu liko nje ya kibanda cha kahawa, mkabala na geti la kiwanda cha maziwa, huku karibu na Oldenburg, kaskazini mwa Ujerumani, ambako upepo haupumziki. Saa sita mchana tunakutana wanne: Gesche tunayemwita Gazeti, Ubbo Mjuaji, Enno Bisibisi fundi umeme, na mimi. Wa tano alikuwa Tammo, fundi mwenzake Enno. Jumanne iliyopita, baada ya sikukuu ya Pentekoste, Tammo ndiye aliyewasha umeme. Mtambo ukagoma, maziwa tangi zima yakamwagwa, naye akafukuzwa kazi. Nafasi yake benchini hakuna aliyeikalia.

— Ni radi, akaanza Ubbo. Radi ya Jumapili imeingia kwenye waya.

— Radi gani, Mjuaji? Gesche akamkata. Jumapili tulichoma soseji kwangu, jua kali!

— Basi ilikuwa radi ya kimyakimya.

— Wee, usitufanye watoto. Hao wa ofisini wameharibu kompyuta makusudi, wapate kutuuza kwa Wadenmaki.

— Mimi nawalaumu ng'ombe, nikachomekea. Wamegoma.

Tulicheka. Enno hakucheka.

— Valvu mbili zilikuwa na namba moja ile ile, akasema.

— Hebu ongea tuelewe, bwana, Gesche akamwambia.

— Waya ni mmoja, vifaa thelathini, zikiwemo valvu zinazofungulia na kufunga maziwa bombani. Kila kimoja kina namba, ndiyo anwani yake. Kompyuta ikiita kumi na saba, kiitike kimoja tu. Vikiitika viwili, mtambo unasimama.

— Kwa hiyo Tammo alikosea namba? Gesche akauliza.

— Tammo hakugusa kitu. Mwezi Machi mimi nilifunga valvu mpya, nikaipa kumi na nne, ikafanya kazi. Halafu nikaona karatasi ya zamani kabatini imeandikwa kumi na saba. Nikazungusha swichi ya namba hadi kumi na saba, kumbe valvu nyingine tayari ilikuwa nayo.

— Mbona mtambo haukusimama hapo hapo? nikauliza.

— Valvu inasoma namba yake pale umeme unapowashwa tu. Na kiwanda hakikuzimwa tangu Machi mpaka sikukuu.

— Ulijua lini? Ubbo akauliza, safari hii taratibu.

— Jumanne ile ile. Tammo anahojiwa ofisini, mimi niko chini nairudisha kumi na nne.

Nilimkasirikia, kisha nikajionea aibu. Jumanne hiyo hiyo nami nilisema Tammo amezeeka, macho hayaoni tena.

Ndipo Fenna, mke wa Tammo, akafika na baiskeli. Hakushuka.

— Hamjambo. Enno, Tammo kanituma kwako. Kesho ana usaili wa kazi Bremen.

— Vizuri, shemeji.

— Wiki nzima hajalala. Anachora ule mtambo mezani jikoni, anafuta, anachora tena. Anasema wewe ni mwenzake, hutamficha. Kosa lake lilikuwa wapi, asije akalirudia huko?

Enno akatoa bisibisi mfukoni, akaigeuzageuza. Ubbo akageukia geti. Gesche, ambaye habari hazimkai tumboni, akainamia kikombe chake cha kahawa. Fenna akatutazama mmoja mmoja, akingoja, mguu mmoja bado uko kwenye pedali.