Siafu wa Kikosi cha Madaraja

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nimesimama kumwelezea kaka yangu kama alivyokuwa, bila kumpaka rangi, maana naye alichukia rangi isiyo na kazi.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, nyumba ya pili kutoka kiwanda cha mbao, kifungua mimba wa seremala, akasoma shule ya msingi ya mtaa huohuo hadi 1965, kisha chuo cha uchoraji ramani, na tarehe 12 Juni 1971 akajiunga na jeshi, kikosi cha kujenga madaraja, alikopanda hadi sajini meja.

Mwaka 1979 kikosi kilitakiwa kiwe na nembo yake, wakubwa wakataka simba, kama vikosi vingine vitatu, yeye akachora siafu walioshikana miguu wakivuka mto, kitambaa cha buluu kwa maji, uzi mwekundu kwa wenzake waliozama kazini, na hakuna siafu aliyemzidi mwenzake ukubwa. Bwalo zima lilimcheka, mpishi akiuliza kama adui atakuja na bunduki au na dawa ya wadudu, naye akamwambia kamanda usoni, “Simba akifika mtoni hunywa maji akarudi. Siafu huvuka.” Kamanda akapitisha siafu, shingo upande.

Siku ya gwaride la kuizindua, tarehe 20 Agosti 1980, ikaonekana mafundi wameshona nembo ya bega la kushoto kwenye bega la kulia, siafu wanaelekea mgongoni, kikosi kizima kama kinakimbia vita, na wapenda simba wakaanza kunong'ona kwamba mdudu amejifukuza mwenyewe. Marehemu, ambaye hasira zake mnazijua, nami ninazo hizohizo maana ukoo wetu ni mmoja, akawazuia askari langoni, wageni wakingoja juani, kila mtu akatoa sindano yake ya mkobani, akamfumulia na kumshonea aliye mbele yake, wakaingia wamechelewa, siafu wakitazama mbele, na uwanja mzima ukasimama kuwapigia makofi. Habari ya simba ikafia hapo.

Tarehe 5 Mei 1982 alimwoa shemeji yangu, muuguzi wa zahanati ya kikosi, mtu pekee aliyeweza kumwamuru anyamaze, wakajaliwa mabinti wawili, mvulana mmoja na wajukuu saba. Alistaafu mwaka 2001, akaanza kuugua figo Januari 2021, na akafariki hospitalini asubuhi ya tarehe 17 Februari 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliotuambia ukweli, majirani waliotufungulia milango yao, na kikosi kilichokuja chote. Nawe kaka, vijana watakaokubeba leo hawakuwa wamezaliwa nembo yako ilipochekwa, na kila mmoja ameivaa begani.

Vuka, kaka. Pumzika kwa amani.