Mzee Limbu na Ndoo ya Kichwani

Ndugu zangu, asifiwe Mungu anayewavumilia watu wenye maswali mengi. Mimi naitwa Kabula. Wengi mnanifahamu kama yule dada wa benchi la mwisho, anayetoka kabla ya kusalimiana. Leo nimekubali kusimama hapa mbele kwa sababu nikinyamazia alichonitendea Mungu, nitakuwa mwongo.

Nilirudi Bariadi na shahada yangu, bila kazi, nikapanga chumba nyuma ya soko. Nilitoka chuoni na tabia ya kuhoji kila kitu. Nilihoji mahubiri, nikahoji sadaka, nikahoji hata maombi ya chakula. Watu walinichoka, na siwalaumu. Ikafika mahali wiki inapita sauti yangu inasikika tu ninaponunua dagaa.

Ajabu ni kwamba wakati huohuo nilikuwa naandika maneno ya kuwatia watu moyo. Kila asubuhi niliweka kwenye simu: amka, pambana, ndoto yako inakusubiri. Watu walibonyeza dole gumba, wakapita. Hata hapa kanisani mlinipa nafasi kwenye semina ya vijana. Nikapaza sauti, nikatembea huku na huku kama nilivyoona wengine wakifanya. Mlipiga makofi. Kisha kila mtu akaenda kwao, na mimi nikaenda kwangu, nikafunga mlango, nikakaa kitandani na viatu miguuni. Makofi yale yaliniacha mpweke kuliko nilivyokuwa.

Ndipo Mzee Limbu wa Sapiwi akafariki. Alikuwa jirani yetu wa nyumbani, na kila mtu kule alimjua kwa ulevi. Nilipofika msibani, mdogo wake alinivuta pembeni.

"Wewe ndiye msomi. Tuandikie wasifu wa marehemu, uusome kaburini. Alizaliwa, akaoa, akaugua, akafa. Usiongeze kitu, tusije tukachekwa."

Nilishatoa kalamu. Lakini mjane, Mama Minza, alikuwa amesikia. Akaniita ndani, alikokuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma, kama mama yangu.

"Mwangaluka, Kabula. Mwanangu, usimzike mume wangu kama chupa tupu. Sema hata neno moja la kweli juu yake."

Nikamuuliza, neno gani? Nikauliza tena na tena, na kwa mara ya kwanza maswali yangu hayakumchosha mtu.

"Nilipovimba mguu nikashindwa kutembea," akasema, "nani angechota maji? Baiskeli alishainywa. Punda hatuna. Basi akajitwisha ndoo mwenyewe, kutoka lambo mpaka hapa, asubuhi na jioni. Mwanamume mzima na kata ya khanga kichwani."

"Na tulimcheka," akadakia jirani mmoja. "Tulimwita bibi harusi."

"Mlimcheka sana," akasema Mama Minza. "Akawajibu nini?"

"Akasema, bibi harusi anaomba mpishe njia, maji yanamwagika."

Wakacheka, pale pale msibani, huku wanajifuta machozi.

Wenzake walipotoka kwenda kupika, Mama Minza akanitazama. "Na wewe je? Ungekufa wewe leo, nani angekuwa na la kuandika?"

Niliwafikiria wote wa dole gumba. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba jioni zinanitisha, au kwamba tangu nirudi sijawahi kupika chakula cha kuliwa na mtu mwingine.

"Basi niambie mimi," akasema. "Kaa."

Mwanamke aliyefiwa, anayesubiri mwili wa mumewe uletwe kutoka hospitali, akanisogezea nafasi kwenye mkeka. Nikasema yote. Nililia kuliko wenye msiba.

Kaburini sikupaza sauti. Nilisoma ulevi, kwa kuwa ulikuwa kweli, na mdogo wake akanikodolea macho. Kisha nikasoma ndoo, na kata ya khanga, na yale aliyowajibu waliomcheka. Watu walicheka kidogo. Mama Minza aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesema ndiyo, huyo ndiye.

Tuliporudi nyumbani, maji ya msibani yalikuwa yameisha. Mdogo wa marehemu hakumtuma mtu. Alichukua ndoo akaelekea lambo, akarudi nayo kichwani, shati lote limelowa.

"Bibi harusi mwingine huyo," mwanamke mmoja akasema.

"Nipisheni," akajibu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Mimi sikuwa nimemwambia amka, wala pambana. Nilikuwa nimesema tu alichofanya kaka yake.

Bado nina maswali, ndugu zangu, sitawadanganya. Miaka yote nilikuwa namhoji Mungu, nikimlaumu kwa kunyamaza. Siku ile Yeye ndiye aliyenihoji mimi, kwa kinywa cha mjane, na swali lake likanitoa nyuma ya mlango niliojifungia. Namshukuru. Siku hizi napika, na Mama Minza akija mjini tunakula pamoja.

Kama leo umekaa lile benchi la mwisho, nalijua, mbao zake zinachoma. Mwamini Mungu kwa jambo dogo hili: ibada ikiisha usitoke. Nitakuja kukaa hapo na wewe. Nitakuuliza, na nitakusikiliza.